Kiingereza cha Kuomba Ruhusa

Koboko, Jumatatu 12 Julai 1993

Mwalimu Anguyo ametuamuru kila mtu aandike kila siku, kwa Kiingereza, hata mstari mmoja. Nimemwandikia mstari wake: "Today it rained." Unamtosha. Haya mengine nayaandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu bado hakiwezi kubeba hasira zangu.

Jina langu Kaltumu. Mume wangu Sule alifia Yei, Sudan, tulipokuwa wakimbizi, na niliporudi Koboko na binti yetu Medina tulipokelewa na kaka yake, Shemeji Umaru. Yeye naye mke wake alimzika huko huko ukimbizini, upande wa Zaire. Tunakaa chumba cha nyuma ya nyumba yake. Nampikia, namfulia, na nikitaka kwenda sokoni naomba ruhusa. Kiangazi kilichopita alinikatia kipande cha kiwanja kando ya barabara ya Kaya, ile iendayo mpakani. Mimi na Medina tukafyatua matofali kwa mikono yetu, tukapandisha kuta nne. Bati hatuna. Matofali ni mabichi, hayakuchomwa, na huu ni msimu wa mvua, kwa hiyo kila radi ikipiga najua nyumba yangu inayeyuka.

Sasa shirika linalopokea wakimbizi wa Sudan linatafuta wakalimani wawili wanaojua Kiswahili, Kinubi chetu na Kiingereza. Nikipata kazi hiyo nitaezeka. Nikiezeka nitahama, nitakuwa na mlango wangu. Ndiyo maana mwanamke wa umri wangu anakaa kwenye benchi na kuimba "I can, you can, he can".

Jumatano 14 Julai

Mvua. Tumefunika kuta kwa nyasi.

Ijumaa 16 Julai

Tunasomea kwenye ghala la zamani la tumbaku. Harufu haijaondoka. Ukirudi nyumbani unanuka kama umekaa na wazee wa kiko. Mwalimu Anguyo ni kijana wa upande wa Arua, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni, na sijamwona akicheka. Simpendi. Anatufokea sisi watu wazima kama watoto wa chekechea.

Leo ameandika ubaoni maneno saba: can, could, may, might, must, should, would. Anasema hivi ni vitenzi vidogo vinavyotangulia mbele ya vitenzi vikubwa kuvisafishia njia. Havitaki "s", hata kama unamsema mtu mmoja. Havitaki "to" nyuma yao. Unasema "he can go", na ukithubutu kusema "he cans to go" anakutazama mpaka unaona aibu. Can ni ya mwenye uwezo. May ni ruhusa, au jambo ambalo huenda likawa. Might ni huenda lile lile, lakini matumaini yamepungua. Must ni lazima. Should ni ushauri: inafaa ufanye, ila usipofanya hakuna wa kukukamata.

Lado akanyoosha mkono. Lado alikuwa jeshini zamani na mpaka leo anakaa kwenye benchi kana kwamba afande anapita. "Mwalimu, mimi nashika must peke yake. Hii ingine yote iko ya kubembeleza tu."

Tulicheka, jamani. Mwalimu akamwambia, "Nenda na must yako mbele ya mabwana wa shirika, utaona."

Pembeni yangu anakaa Rosa Kiden, Mkakwa wa hapa Koboko, binti wa misheni. Ana kalamu tatu za rangi tatu, na kila swali analijibu kabla sijafungua mdomo. Anajisikia huyo!

Jumamosi 17 Julai

Nimejaribu masomo nyumbani. Kiswahili chetu cha hapa kina "naweza" moja, na kazi yote inafanywa na sauti. Nikimwambia Shemeji "naweza kwenda?" nikiwa nimesimama mbali na mlango, hiyo ni may. Nikisema "naweza kwenda" huku nimeshajitanda, hiyo ni can, na ugomvi unakuja. Yeye hana maneno mengi. Ufagio, must. Maji ya kutawadha, must. Chai ya saa kumi, must na nusu.

Alhamisi 22 Julai

Watu wanazidi kuvuka kutoka Sudan. Leo wamepita mbele ya kiwanja changu tangu asubuhi, magodoro kichwani, mbuzi mmoja kwa familia tatu. Niliwahi kupita barabara hiyo hiyo nikiwa hivyo hivyo, ila nilikuwa naelekea kule. Mvua ikawanyeshea wote. Kona ya kuta zangu, upande wa barabara, imeanza kuliwa na maji.

Jumatatu 26 Julai

"It rained again." Mwalimu ameweka alama ya vyema. Hivi anasoma kweli?

Jumanne 3 Agosti

Somo la adabu. Mwalimu anasema Waingereza wakitaka kitu wanarudi nyuma hatua moja. "Can you help me" inatosha kwa rafiki, lakini kwa mgeni ni "could you", na kwa mkubwa "would you, please". Anasema could hapa haihusu jana, ni heshima tu, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Hii nimeielewa haraka kuliko yote. Rosa ndiye aliyekwama! Aliuliza mara tatu kwa nini neno la jana linatumika leo. Nikamweleza kwa Kiswahili, akanitazama, akasema, "Dada Kaltumu, wewe unaelewa maneno kwa tumbo." Sijui kama ni sifa.

Jumanne 10 Agosti

Shemeji amesema darasa limetosha.

Alikuwa amekaa barazani, mkongojo kati ya magoti. "Mama Medina," akasema, "mutama iko shamba inaliwa na ndege, na wewe iko kwa Kiingereza."

"Shemeji, mtama nitavuna asubuhi. Darasa ni jioni."

"Na chai ya saa kumi?"

"Nitaiacha kwenye chupa."

"Chai ya chupa iko chai ya hospitali."

Nikikasirika meno yanauma, sijui kwa nini. Nilikuwa na maneno mengi: kwamba mimi si punda wake, kwamba Sule asingenifanyia hivi. Nikayameza. Saa ya darasa ilipofika nikaweka chupa ya chai miguuni pake, na kikombe, na sukari, nikasimama palepale bila kusema neno. Akatazama chupa. Akatazama mawingu. "Rudi mbele ya mvua," akasema.

Nimerudi nimelowa chapachapa. Chai alikuwa ameinywa yote.

Jumatano 18 Agosti

Mtama. Mgongo unauma. Hakuna Kiingereza leo.

Jumamosi 28 Agosti

Ufa. Umeanzia kwenye kona ile ya barabarani unapanda kwenda dirishani. Nimeuziba kwa udongo, Medina akakanyaga udongo huku anaimba, mtoto hana habari. Fundi aliyepita akasema ukuta huo hautafika mwezi wa kumi bila bati. Hata sikumwuliza, alisema tu akaenda zake.

Mwalimu ametangaza kwamba mahojiano ni Alhamisi, ofisi ya shirika, Arua Hill. Amechagua watatu: Rosa, Lado, na mimi. Nilidhani atanisahau. Kumbe mistari yangu ya mvua alikuwa akiisoma.

Alhamisi 2 Septemba

Leo naandika kirefu.

Gari la shirika lilituchukua asubuhi. Lado amevaa suti ya kaki aliyoipiga pasi mpaka inang'aa. Ofisi iko kwenye nyumba ya zamani ya wakoloni, bustani imekatwa vizuri, na mlangoni kuna zulia la kupangusia miguu ambalo Lado alijipangusia mpaka karani akamwambia inatosha.

Aliingia yeye kwanza. Mlango ni mwembamba, tulimsikia vizuri: "You must give me this job! I must start today!" Akatoka kifua mbele. "Nimewaambia wazi," akasema. Rosa akaziba mdomo kwa leso. Kisha akaingia Rosa, akakaa kidogo tu, akatoka akitabasamu.

Nikaingia. Walikuwa wawili. Mzungu mrefu, magoti yanagusa meza, na mwanamke mmoja wa Kampala anayeitwa Bi Norah, miwani, nywele fupi, Kiingereza kitupu tangu salamu. Ulimi wangu, sijui ulitoka wapi, ukafanya kazi. Walinipa maneno ya Kinubi niyatie Kiingereza, nikayatia. Bi Norah akauliza ningefanya nini kama mkimbizi anadanganya na mimi najua. Would, hiyo. Nikajibu kwamba ningeusema uongo wake kama ulivyo, maana si uongo wangu. Wakacheka wote wawili, mzungu akaandika.

Kisha Bi Norah akafunga faili, akasema kwa upole mzuri kabisa, "Would you like to work with us?"

Nikainamisha macho nikasema, "No, thank you."

Mama yangu alinilea hivyo, naye alilelewa hivyo. Ukipewa kitu kwenye nyumba ya watu, mara ya kwanza unasema hapana. Mara ya pili unasema msijisumbue. Mara ya tatu unapokea kwa mikono miwili, na mwenye nyumba anajua amempa mtu aliyefunzwa, si mroho. Nilitaka wajue.

Wakatazamana. Bi Norah akauliza, "Are you sure?" Hiyo ilikuwa ya pili. Nikasema, "Please, don't trouble yourselves." Nikakaa nikingoja ya tatu, mikono nimeshaiweka tayari mapajani. Mzungu akasimama, akanipa mkono, akanishukuru kwa kuja.

Basi ya tatu itakuja kwa njia yake. Watu wakubwa hawaharakishi mambo. Nimerudi nyumbani nimefurahi mpaka nikampikia Shemeji samaki wa angara kwa mchuzi wa simsim, yaani ufuta, akauliza kuna sikukuu gani.

Ijumaa 3 Septemba

Gari la shirika limepita. Halikusimama. Wana heshima zao.

Jumapili 5 Septemba

Rosa amepata kazi. Lado hakupata. Kwa hiyo nafasi moja iko wazi, wananiwekea.

Jumanne 7 Septemba

Gari limepita mara mbili. Nilikuwa kiwanjani naziba ufa, nikasimama wima wanione vizuri. Dereva alipunga mkono.

Alhamisi 9 Septemba

Rosa alikuja nyumbani jioni, akiwa na kitambulisho cha shirika shingoni. Alikataa kukaa.

"Dada Kaltumu, kwa nini ulikataa kazi?"

"Nani amekataa?"

"Wameandika hivyo. Umeulizwa, umekataa. Ukaulizwa tena, ukakataa tena. Ijumaa wiki ijayo wanatangaza nafasi upya."

Nikamweleza. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alinisikiliza mdomo wazi, kisha akakaa chini kwenye jamvi na kujishika kichwa. "Hata mama yangu iko hivyo," akasema. "Mgeni akimpa sabuni anakimbia nayo kuirudisha. Lakini dada, ile ni ofisi! Nani atakubembeleza mara tatu?"

Aibu, sitasema vingine. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara kama bibi harusi, na dereva alikuwa ananipungia tu kama anavyompungia kila mtu.

Rosa ana dada yake, Viktoria, anayejua Kiingereza kunizidi. Angeweza kunyamaza na kumwingiza Viktoria. Hakunyamaza. Nilimwambia asante, na nilimwambia kwamba nilikuwa nikimwona mwenye majivuno kwa ajili ya zile kalamu. Akasema kalamu ni za mwalimu wake wa misheni aliyeuawa wakati wa vita, mwaka 1980.

Ijumaa 10 Septemba

Mwalimu Anguyo amesikia. Alirusha chaki. Kweli, aliirusha ikagonga ukuta. "Nilikufundisha would mwezi mzima!" Nikamwambia would niliielewa vizuri, nilichokosea ni nyumba. Halafu, sijui kama ataamini mtu, akacheka. Meno yake ni mazuri, kumbe.

Ameshauri nirudi ofisini niseme wazi kwamba nataka. Nikamwambia siwezi. Kwetu mtu hajiombei mwenyewe. Msichana hajipeleki posa, na mtu hajisifu mbele ya wageni. Anatumwa mkubwa wa nyumba, anayesema kwa niaba. "Basi mtume," akasema Mwalimu, akaokota chaki.

Mkubwa wa nyumba yangu ni Shemeji Umaru, ambaye nataka kazi ili nimhame.

Jumamosi 11 Septemba

Nimemwambia. Sikumbembeleza, nilimwambia yote kama yalivyo, hata bati, hata kuhama. Nilitazamia afurahi kwamba nimeikosa. Nilikuwa nimeshaandaa hasira zangu.

Alisikiliza huku anazungusha kikombe. "Walikuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili, Shemeji."

"Mbili!" Akapiga mkongojo chini. "Mutu ya nyumba yangu anaulizwa mara mbili, halafu wanasimama? Hawa watu walizaliwa wapi? Hawana mama?"

Akamwita Medina alete kanzu nyeupe. Akaikunjua, akatazama kama panya hawajaigusa. Amesema Jumanne tunakwenda Arua. Atawaambia yeye. Atachukua na jogoo. Nikasema, Shemeji, ofisini hawapeleki jogoo. Akasema, "Ndiyo sababu hawana adabu."

Jumapili 12 Septemba

Mvua kubwa. Ufa umefika juu.

Jumanne 14 Septemba

Mkono unaniuma lakini nitaandika yote.

Tulipofika Arua Hill karani alitaka kumzuia jogoo. Shemeji akamwambia kwa heshima kwamba jogoo hana ugomvi na mtu, akapita. Bi Norah na mzungu walikuwa mezani. Shemeji alikaa, kanzu imemeta, jogoo amefungwa miguu chini ya kiti. Mzungu akaniambia nifasiri. Bi Norah akakunja mikono.

Shemeji alianza na salamu. Aliuliza habari za ofisi, za mvua ya ofisi, za wazazi wa mzungu. Nikafasiri zote. Mzungu akajibu kwamba mama yake anaendelea vizuri, akaonekana ameshangaa kusema hivyo.

"Waambie," akasema Shemeji, "huyu mwanamuke iko mukaidi."

"He says this woman is stubborn."

"Anapika ugali mugumu. Anataka bati, ahamie nyumba yake. Lakini kwa miaka yote sijamusikia na uongo."

Nikafasiri ugali na yote. Mzungu akajikuna pua.

"Walimuuliza mara mbili, wakaacha. Nyumbani kwetu mutu hapokei ya kwanza, hapokei ya pili. Si kwamba hataki. Anangojea waone iko mutu. Mimi mukubwa wake nimekuja kusema: nyumba yetu inakubali."

Hapo nilisema polepole, nisiharibu neno. Mzungu akasogea mbele kwenye kiti. Nikadhani tumemaliza. Lakini Shemeji akainua kidole.

"Kazi, afanye. Lakini siku mimi nasema rudi, atarudi. Siku hiyo hiyo. Hiyo iko lazima."

Nitasema kweli hapa. Niliona njia ya kuruka. Mzungu hajui Kiswahili, na huyu wa Kampala hajasema neno la Kiswahili tangu nimjue. Ningesema tu "he says I can work", nikaishia hapo, bati zangu zikapatikana. Nani ataajiri mkalimani ambaye shemeji yake anaweza kumwita nyumbani saa yoyote? Niliuona ukuta wangu, ule ufa. Lakini nilikuwa nimewaambia watu hawa kwamba nitasema kila neno kama lilivyo, na Shemeji alikuwa ananitazama, akiniamini nimbebee maneno yake.

Nikasema, "He says I can work. But the day he tells me to come back, I must come back. The same day."

Mzungu akaweka kalamu chini. Bi Norah akasema nimwulize ni sababu gani inayoweza kumfanya aniite.

Nikamwuliza. Shemeji alimtazama jogoo, akarekebisha kamba ya miguu yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kama nimekuwa mugonjwa. Mimi sina mutu. Nani atanipa maji?"

Miaka yote ile nilidhani ni chai anayoitaka. "He says, if he is sick. He has nobody. Who will give him water?" Nililia, ndiyo, mbele ya watu, na sikujali.

Bi Norah akamwuliza Shemeji, kwa Kiswahili, Kiswahili safi kabisa kama chetu, "Mzee, kama siku ukiugua tukimpa gari aje mara moja, na usipougua asiitwe, utakubali?"

Nilikaribia kuanguka kutoka kwenye kiti. Shemeji hata hakushtuka. "Iko sawa," akasema. "Kama gari iko, iko sawa."

Bi Norah akanigeukia. "And you?"

"Yes," nikasema. Alikuwa hajafunga mdomo.

Jogoo alikataliwa. Bi Norah alisema ofisi hairuhusiwi kupokea. Shemeji akamsukuma mbele mara ya pili, akakataliwa. Mara ya tatu Bi Norah akasimama, akamrudisha kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, mtunzeni mpaka mama ahamie." Shemeji akaona hilo ni jibu la mtu aliyelelewa.

Njiani kurudi alinikaripia. "Umekubali haraka sana. Kama mutu anashika nyama kwa soko." Nikamwambia ndiyo, Shemeji. Akasema nyumba ile ikiezekwa mlango utazame kwake, si barabarani, ili akiita nisikie. Nikasema mlango tayari uko upande wa barabara. Akasema dirisha, basi. Dirisha sawa.

Jumatano 15 Septemba

Ukuta wa barabarani umeanguka alfajiri. Wote. Mlango na dirisha navyo.

Nilisimama kwenye tope nikaangalia. Niliumia, lakini si vile nilivyotazamia. Shemeji alikuja na mkongojo wake, akaugusa udongo, akasema safari hii tuchome matofali, na kwamba ana miti miwili ya kuni isiyomfaa kitu.

Jumatatu 20 Septemba

Mwalimu amekata mistari yangu yote ya mvua na kuandika chini: "You should write more." Nikamwandikia: "I might."

Jumatatu 27 Septemba

Kazi, siku ya kwanza.

Wamenipa upande wa wanawake, chini ya turubai. Foleni imeanza kabla hatujafungua na mvua nyembamba haikuacha. Anayegawa ni kijana wa kizungu, mpya, mkono wake mwepesi, anataka kumaliza. Rosa yuko upande wa pili, naona kitambulisho chake.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa umri wangu, mtoto mgongoni amefungwa kwa kitambaa kilicholowa. Kijana akasema nimwulize kama anahitaji blanketi. Nikamwuliza. Akatazama chini, akasema hapana, asante, wao hawana shida.

"She says no," nikasema. Ndiyo kazi yangu. Kijana akanyoosha blanketi kwa mtu wa pili.

Nikaweka mkono juu ya blanketi. "You must ask her again."

"But she said no."

"Yes. Ask."

Akauliza. Mwanamke akasema asijisumbue, wako wengine wenye shida zaidi. Nikalisema hilo kwa Kiingereza, lote, sikupunguza. Kijana akanitazama, blanketi mkononi, hajui afanye nini.

"Again," nikamwambia.

Mara ya tatu mwanamke akanyoosha mikono yote miwili, akapokea.

Aliyemfuata alikuwa bibi mzee sana, miguu mitupu, anatetemeka meno. Nikamwuliza. Akasema hapana.